Chuoni Hakuna Kengele

Ndugu vijana mliomaliza Kidato cha Sita na kuitwa chuo kikuu, shuleni mliamshwa kwa kengele, mkahesabiwa mstarini, na mwalimu wa zamu akawafuata mpaka bwenini. Huko mwendako hakuna wa kuwaamsha. Mhadhiri atasema mbele ya watu 300, kisha ataondoka, wala hatajua kama hukuwapo. Mtihani ndio utakaojua.

Tena kuna fedha. Mkopo wa kujikimu, ambao wanafunzi huuita bumu, huja kwa mkupuo. Kijana asiyepata kushika zaidi ya nauli ya likizo hujiona tajiri. Hununua simu, hukaribisha marafiki, na juma la tatu anakopa chai. Zigawe siku ileile zifikapo, chakula kwanza. Na tusidanganyane: hiyo si zawadi, ni deni. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe, hata kama chuo ulifukuzwa kwa kushindwa mitihani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba: nyumba ya chama ambacho wanachama wake wengi hawakupata kukaa darasani.

Somo likikulemea, mwendee mhadhiri ofisini juma hilohilo, usingoje matokeo. Wengi huona haya kwa kuwa Kiingereza chao kizito. Haya hiyo imewarudisha nyumbani vijana wenye akili kuliko waliobaki.