Cheti chenye jina la zamani na mlango wa ajira

Ukipiga huduma kwa wateja ukiwa Nachingwea au Ruangwa, anayepokea anaweza kuwa mwajiriwa wa kampuni nyingine iliyokodiwa kupokea simu. Wewe unataka salio lako lirudishwe tu. Mwajiri ndiye anayedai vyeti, na hapo hukwama wanawake waliobadili jinsia, yaani walioandikishwa wavulana walipozaliwa: jina wanalotumia si lililo kwenye cheti.

Audrey Mbugua wa Kenya alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001. Baadaye alibadili jina, na Baraza la Mitihani likakataa kubadilisha cheti. Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu Nairobi aliliamuru Baraza litoe cheti kipya chenye jina lake la sasa, bila alama ya jinsia. Tunaiona hukumu hiyo ni ya haki. Maksi hutolewa kwa majibu. (Hata wasiohusika na jinsia, ambao cheti na kitambulisho cha NIDA havilingani herufi moja, wanaijua adha hii.)

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa jinsi, ujauzito, ulemavu, VVU na mengine, ila haiwataji waliobadili jinsia. Kwenye kazi za kukodiwa kuna kisingizio cha ziada: "mteja wetu hataki". Mfanyakazi yeyote anayeona amebaguliwa hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Akiachishwa kazi, ni siku 30.