TAMKO LA TAWI: KIKAO CHA WAZAZI SI CHA MICHANGO TU



Tumechoka kusikia "wazazi wa siku hizi hawalei". Wanaosema hivyo wamewahi kutuita shuleni kwa jambo lisilo mchango?

Mtoto wa Kidato cha Pili halali usiku, tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule, mwishowe haendi. Nyumbani anaitwa mvivu, shuleni anachapwa. Anayempokea bila kumgombeza ni muuza bangi wa kijiweni (na siku hizi imo hadi kwenye biskuti). Ukimfukuza nyumbani, umemkabidhi kwake.

Muhimbili wanatoa methadoni tangu 2011, lakini hiyo ni kwa aliyekwisha kunaswa na heroini. Mwenye miaka 14 na hofu zake anataka kuulizwa na kusikilizwa mapema.

Tunaidai bodi ya shule: kikao kijacho mwalimu wa unasihi apewe saa nzima, michango isubiri. Mzazi mwenye shaka apige 119, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ni bure.

Viongozi wa mashina, Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Akina baba pia, si akina mama peke yao.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi