Fuvu la California ni sanaa, baiskeli ya Bariadi ni ushamba?

Wiki hii sikuandika, majaribio yalinikaba koo na umeme nao ulikuwa na mambo yake. Lakini kuna jambo linanichoma tangu Jumatano, nisipolisema litageuka kidonda. Wenye hasira za karibu mshike viti.

Kisa chenyewe ni kidogo tu. Jamaa mmoja hapa hosteli katundika ukutani sketibodi, yaani ule ubao wa kutelezea wenye magurudumu manne. Hajawahi kuupanda na wala hana mpango huo. Anachopenda ni picha iliyoko chini yake: mkono wa bluu uliokatwa, katikati ya kiganja una mdomo, unapiga kelele. Watu wakawa wanapishana mlangoni, "aisee kali, hii ndo sanaa". Na mi nikatoa simu, nikawaonesha picha niliyopiga nyumbani Bariadi wakati wa likizo. Baiskeli ya Phoenix, na kwenye madigadi ya nyuma pananing'inia kipande cha mpira. Kimechorwa simba mwekundu juu ya njano, maua ya kijani pembeni, na maandishi meupe yaliyotiwa kivuli. Chumba kizima kikaangua kicheko. "Wasukuma na rangi zenu!" "Ushamba mtupu."

Haya. Ule mkono mnaousujudu alichora Jim Phillips mwaka 1985, kwa ajili ya kampuni ya Santa Cruz ya California. Una bluu, nyekundu na njano, zote zimekolea mpaka zinaumiza macho. Kuna na lile fuvu linalochana ubao na kuchungulia, kazi ya V. Courtlandt Johnson kwa Powell Peralta. Fuvu hilohilo lingechorwa kwenye baiskeli Maswa mngesema mwenye baiskeli ni mchawi. Rangi kali akizipaka mtu wa California ana ujasiri, akizipaka Msukuma hajastaarabika. Nani kawafundisha hesabu hii?

Tena angalieni vitu vyenyewe vinavyofanya kazi. Sketibodi kwa kawaida ni tabaka saba za mbao nyembamba zilizogandishwa na kukandamizwa pamoja, na picha huwekwa upande wa chini. Kijana akiteleza juu ya chuma au ukingo wa saruji, picha inakwaruzwa. Baada ya muda si mrefu pale palipokuwa na fuvu panabaki mbao tupu. Mchoraji anajua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana anachora mistari minene na rangi inayopiga kelele: ionekane upesi, kwa mbali, kitu kikiwa kwenye mwendo. Sasa yule fundi wa Bariadi anafikiria nini anapochora simba wake? Anafikiria hayohayo! Tope la mbuga litaurukia, vumbi la kiangazi litaula, na anayeufuata kwa nyuma ana sekunde mbili tatu za kuuona. Hizi ni sanaa za ukoo mmoja, zinazokufa zikiwa kazini. Moja imetundikwa ukutani hosteli, nyingine mnaichekea.

Najua mtakalosema. "Lakini ubao wa magurudumu ni mambo ya wazungu, hatuna historia nayo." Muulizeni mtu wa Goma kuhusu chukudu, lile dude la mbao la magurudumu mawili linalobeba viazi na makaa mpaka mji ukalijengea sanamu. Na Kampala, pale Kitintale, vijana walijijengea uwanja wa sketibodi kwa mikono yao mwaka 2006.

Na kama mnataka historia ya kuchora, nayo ipo. Usukumani kuna bayeye, chama cha wacheza na nyoka na waganga wa sumu zake. Zamani kuta za ndani za nyumba zao zilijaa michoro ya nyoka na watu, ikitumika kuwafundisha wanachama wapya siri za chama. Hans Cory aliona uzito wake akatoa kitabu kizima juu ya michoro hiyo, kikachapwa London mwaka 1953. London walikuwa wanaisoma, sisi tunaocheka leo hata habari hatuna.

Halafu kuna Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi gani? Rangi ya baiskeli! Polisi walimpiga risasi kwa makosa mwaka 1972, akaacha mtindo ambao leo unauzwa kwa watalii dunia nzima. Kwa hiyo msanii wetu anayejulikana kuliko wote na fundi wa madigadi wa Bariadi walichovya brashi kwenye kopo la aina moja. Mkimcheka mmoja mmewacheka wote wawili.

Wengine watasema fundi wa mtaani anaiga tu, leo nembo ya timu, kesho sura ya mwanamuziki. Kweli, anaiga. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni za sketibodi za California zilikuwa zinakwapua katuni na nembo za watu waziwazi, zinazigeuza, zinauza. Leo mbao hizo zinatafutwa kama dhahabu. Mwaka 2019 mnada wa Sotheby's uliuza mbao 248 za Supreme kwa dola 800,000, na mnunuzi hakuzinunua ili akateleze nazo. Wizi wao umekuwa urithi, wa kwetu umebaki wizi.

Tofauti ninayoiona mimi ni jina. Jim Phillips ana jina. Hata viwanda vilipoacha kuchapa kila ubao kwa skrini na kuanza kugandisha picha za plastiki kwa joto, majina ya wachoraji yalibaki. Fundi wetu hana. Anachora, analipwa vijisenti, baiskeli inaondoka, kwisha. Sasa hivi na vibao vya maduka vinaprintiwa kwenye plastiki, mkate wake unazidi kuwa mwembamba. Na sisi wasomi ndo tunammalizia. Kuna chama kimoja cha wanafunzi, sikitaji, kilipiga picha mchoro wa fundi wa mtaani, kikaubandika kwenye tisheti, kikauza wakati bumu limetoka. Fundi hakuambulia hata soda. Walewale waliouza tisheti ile wana stika ya mkono wa bluu kwenye kompyuta zao.

Kwa hiyo nasema hivi. Mkitaka tisheti, kibao, au hata sketibodi yenye sura ya nyumbani, mfuateni fundi, mlipeni kabla hajachovya brashi, na jina lake liandikwe mahali panaposomeka. Michoro ya bayeye msiiguse bila kuwauliza wenyewe, ile ilikuwa shule yao na si pambo lenu. Na ule utani wa "Wasukuma na rangi zenu" tuupe mapumziko. Sisi watu wa Simiyu pamba yetu ni nyeupe, ng'ombe wetu wana vumbi, na kiangazi nchi nzima inakuwa rangi ya majivu. Mtu akiamua baiskeli yake iwake njano na nyekundu katikati ya ukame ule, anajua anachofanya kuliko nyie mlioko hosteli.

Wa kunipinga aje na hoja, kicheko nimeshakisikia.

Nawasilisha.