Aproni ya Risasi Ikichakaa, Huenda Wapi?

Majuzi nilimpeleka mpwa wangu hospitali moja hapa Pwani kupigwa eksirei ya mkono. Mtoto ana miaka minne na hakubali kukaa peke yake, basi nikaambiwa nimshike. Mhudumu akanipa aproni nzito ya risasi, akaitoa juu ya kiti ikiwa imekunjwa kama shuka. Nilipoivaa nikaona penye mkunjo pamechanika, mpira wa kijivu wa ndani uko nje. Nikamuuliza, "Hii bado yafaa?" Akanijibu, "Ndiyo iliyopo, kaka."

Mtoto hajambo, alhamdulillahi. Lakini aproni ile haijanitoka akilini, maana risasi kwetu si neno geni. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaachia wakazi sumu ya risasi kwenye udongo na kwenye damu za watoto wao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliurejesha uamuzi huo. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa kwa nini madini haya haya tunavishwa hospitalini tujikinge? Miale ya eksirei huzuiwa vyema na kitu kizito chenye atomu kubwa, na risasi ina sifa zote mbili, tena bei yake ni nafuu. Aproni hutengenezwa kwa unga wa risasi uliochanganywa na mpira au plastiki, na kinga yake huwa sawa na bati la risasi la robo au nusu milimita. Ikiwa nzima, risasi imefungwa ndani na haina neno. Ikikunjwa kila siku, hupasuka, miale ikapita kwenye ufa na unga ukaanza kutoka.

Wanaoumia zaidi si wagonjwa. Mgonjwa hupigwa picha moja akaenda zake. Tena mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri mazoea ya kumfunika kila mgonjwa nyonga kwa risasi yaachwe, kwa kuwa mashine za leo hutumia miale kidogo na kifuniko huweza kuharibu picha. Aproni ni ya yule anayefanya kazi hiyo kutwa, mwaka baada ya mwaka, na ya mzazi anayemshika mwanawe. Anayesimama nayo saa nyingi katika chumba cha upasuaji hurudi nyumbani na mgongo unaomuuma.

Njia nyingine ipo. Aproni zisizo na risasi tayari zinauzwa, zikitumia madini kama bismathi na tangisteni ndani ya polima, yaani jamii ya plastiki na mpira. Watafiti wamekwenda mbele zaidi: wanasaga madini hayo hadi chembe za nano, ndogo mara maelfu kuliko upana wa unywele. Chukua debe ulijaze kokoto, utaona mapengo. Lijaze mchanga laini, mapengo hupungua. Ndivyo chembe ndogo zinavyoenea ndani ya polima na kuiachia miale upenyo mdogo, hasa miale ya nguvu ndogo kama ya eksirei za hospitali.

Hata hivyo tusibabaishwe na jina. Chembe za nano zikigandana mabonge, faida hupotea. Na si kila aproni iliyoandikwa "haina risasi" inakinga sawasawa. Baadhi hupitisha miale zaidi ya zinavyodai, na madini mengine yakipigwa na miale hutoa miale yao wenyewe. Wepesi si ushahidi. Ushahidi ni cheti cha kupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 61331.

Wala asije mtu akatuambia kwamba vitambaa hivi ndivyo jibu la hofu ya Uyombo. Wakazi wa huko Kilifi walioandamana mwaka 2024 walikuwa wakipinga kinu cha nyuklia, na kinu hukingwa kwa zege nene, chuma na maji. Hilo ni suala jingine na lina mjadala wake. Lakini tunapoijadili miale ya kesho, tusisahau ya leo iliyo katika vyumba vya eksirei tunavyopeleka wazee na watoto wetu.

Ninayoyaomba kwa serikali zetu za kaunti hayahitaji maajabu. Kwanza, aproni zitundikwe, zisikunjwe, na angalau mara moja kwa mwaka zipigwe eksirei zenyewe ili nyufa zionekane. Hospitali yenye mashine inaweza kulifanya hilo asubuhi moja. Pili, zabuni mpya zitaje aproni zisizo na risasi zenye cheti, na Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ikague zilizopo. Tatu, na hili ndilo linalonikosesha usingizi: kila aproni iliyochakaa iandikwe kwenye daftari, irudishwe kwa aliyeiuza au ipelekwe kwa mwenye leseni ya taka za sumu. Ikitupwa jaani au ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, njia yake ni ile ile ya betri za Owino Uhuru.

Dini yetu haituruhusu kumwondolea mmoja madhara kwa kumtwisha mwingine. Nitarudi na mpwa wangu kuangaliwa mfupa, inshallah, na mhudumu nitamuuliza maswali mawili: aproni ile bado ipo? Na kama haipo, imekwenda wapi? Nawe ukipeleka wako, uliza.