Mti Si Adhabu

Msomaji kijana, kupanda mti ni kazi ya dakika chache. Kuulea ni kazi ya miaka. Shule zetu nyingi zimeishika ile ya kwanza na kuidharau ya pili. Siku ya sherehe mgeni huja, hukuta shimo limekwisha chimbwa, hutia mche, hupigwa picha na kushangiliwa. Kiangazi kikifika mche hufa kwa kiu, hatua chache kutoka mferejini. Mwaka wa pili shimo lile lile huchimbwa tena.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya ilitoa siku nzima ya mapumziko ili watu wapande miti, na shabaha iliyotangazwa ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Shabaha hiyo ni njema. Lakini mti uliopandwa ukafa hauzuii mmomonyoko wa udongo, wala hautoi kivuli.

Liko baya zaidi. Mwanafunzi akichelewa hupewa jembe. Akipiga kelele huamriwa kumwagilia miche. Mwalimu afanyaye hivyo hufundisha nini, ila kwamba udongo ni kifungo na mti ni askari wa gereza? Yamkini utajibiwa kuwa adhabu hiyo ni afadhali kuliko fimbo, tena kazi hufanyika. Naam, hufanyika siku ya makosa. Na siku ambayo hakuna mkosaji, ni nani atakayetia maji?

Profesa Wangari Maathai aliianzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Wanawake waliofanya kazi naye walipewa malipo madogo kwa kila mche ulioshika ukaishi, si kwa kila shimo lililochimbwa. Hiyo ndiyo hesabu ya haki.

Basi wewe usingoje amri wala mgeni. Pandeni mvua zinapoanza. Kila darasa litwae miti michache iwe yake, liweke daftari, na mwisho wa kila muhula lihesabu iliyo hai. Iliyokufa nayo iandikwe, pamoja na sababu ya kufa kwake. Mnapomaliza masomo, wakabidhini wadogo zenu daftari hilo. Mwalimu akitaka kuwaadhibu wakosaji, na atafute adhabu nyingine. Kuutunza mti kuwe heshima ya wale walioaminiwa.