Sanduku kufuli tatu, kitabu moja: tuanze salongo ya makaye

Ndugu raia, vijana wa Goma,

Huku Mugunga, siku ya mkutano wa AVEC, angalieni sanduku ya pesa. Iko na kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wamama watatu wa nyumba tofauti. Hakuna anayeweza kuifungua peke yake. Ni akili nzuri sana. Lakini kitabu, ile inayosema nani aliweka ngapi na nani alikopa ngapi, ni moja tu. Inalala kwa nyumba moja, chini ya godoro moja.

Pesa tunaifunga mara tatu. Ushahidi wa pesa tunauacha wazi!

Na sisi ni watu wa kukimbia. Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikameza maduka. Mei 2021 volkano ikalipuka tena, na siku chache baadaye watu wakaambiwa watoke. Barabara ya Sake ikajaa, ikipita hapa kwetu. Januari 2025 vita ikaingia mjini: maduka na depo zikaporwa, kuran na intaneti zikakatika, benki zikafunga milango. Kila mara tulihesabu wafu na nyumba, na ni haki. Makaye yaliyopotea, nani aliyahesabu?

Kaye ikipotea, mwenye deni anasema alishalipa. Aliyeweka kidogo anasema aliweka mingi. Majirani waliokopeshana unga miaka yote hawasalimiani tena, na kikundi kinavunjika. Pesa ya M-Pesa au Airtel Money haiungui pamoja na simu, juu hesabu iko kwa kampuni. Deni za butiki yako ziko kwa nani?

Anayekuja kulipisha patente na taksi anajua kila butiki iko wapi. Siku ya kukimbia hamjui mtu. Na wale wa atelie? Wanatualika kwa oteli, banderole ukutani, soda na perdiem, wanamfundisha habari za "klaudi" mama anayelipa ndipo achajiwe simu. Anarudi nyumbani na kofia mpya. Kaye iko palepale, chini ya godoro.

Lakini tusiwaseme wao tu. Mimi niko na diploma ya chuo kikuu na sina kazi. Asubuhi nzima nakaa mlangoni na simu mkononi, hatua kumi na butiki ambayo deni zake zote ziko ndani ya kaye moja yenye kuloa mafuta. Sikuwahi kumsaidia yule mama. Nilikuwa nangoja mradi! Hii kazi haihitaji mradi:

1. Kaye ya pili. Andika na karatasi ya karboni, au nakili kila Jumapili. Ya pili isilale kwa nyumba moja na ya kwanza.

2. Picha. Jioni piga picha ya ukurasa wa leo, hakikisha unasomeka, mtumie mtu mmoja unayemwamini aliye mbali. Mbali ni Butembo, ni Kampala. Himbi si mbali: Himbi na Mugunga ziko chini ya volkano moja na vita moja. Picha ya WhatsApp haikuli mega nyingi.

3. Konti ya Google ikuwe yako. Wengi wetu, kijana aliyeuza simu ndiye aliyeifungua, neno la siri analijua yeye. Fungua yako, andika neno la siri kwa karatasi, ulifiche. Inakupa giga 15 bure, na makaye ya miaka mingi yanaingia humo.

4. Simu ya zamani ya dada, kadi ya memori au fleshi ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na karte yako ya kura. Intaneti ikikatika, hii inabaki.

5. Angalisho. Kwenye kizuizi simu inaweza kupekuliwa. Andika namba za wanachama, si majina yao. Usitume kwa grupu. Weka kodi kwa simu.

Mtasema: tumbo ni tupu, wewe unaleta mambo ya kompyuta? Ndiyo, juu tumbo ni tupu! Mama mwenye mtaji mkubwa atapoteza kaye na kuanza tena. Mwenye mtaji wa gunia moja ya makala hataanza tena.

Kila Jumamosi tunafanya salongo ya kusafisha mifereji. Jumamosi hii, kila mwenye simu inayopiga picha vizuri achukue avenue yake, butiki tano na AVEC moja. Usiulize nani anadaiwa, usichukue hata franga moja, picha zibaki kwa simu ya mwenyewe. Mfundishe afanye peke yake, kisha uondoke.

Hatuwezi kuzuia volkano, na wenye bunduki hawatuombi ruhusa. Lakini jasho ya wamama wetu isifutwe juu sisi, watu wa diploma, tulikosa dakika kumi.

Kufuli tatu kwa sanduku, kopi tatu kwa kitabu!