Kivu: Maharagi yakipanda bei, wamama wenye SOPK wanaumia mara mbili

Tangu vita viingie Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, sahani ya familia nyingi imebadilika. Goma ilizoea kupata maharagi, viazi na maziwa kutoka Masisi, na barabara za huko zimekuwa barabara za vita. Mabenki yalifungwa, pesa ikawa ngumu. Mama anayeenda sokoni na pesa kidogo anachagua kinachoshibisha haraka: unga wa muhogo, mikate, mandazi, sukari ya chai. Maharagi na samaki vinangojea siku pesa itaonekana.

Hali hiyo inaumiza kila mtu. Lakini kuna wanawake ambao hasara inawafikia hadi kwenye hedhi na uzazi: wenye ugonjwa wa ovari unaoitwa SOPK, kwa kifupi cha Kifaransa. Shirika la Afya Duniani, OMS, limekadiria kwamba unapata wanawake 8 hadi 13 kwa kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajui kama wako nao. Huku kwetu mwanamke anatoka kwenye ekografi ameambiwa tu "uko na kiste", anarudi nyumbani akiwaza kupasuliwa. Vile vinavyoonekana kwenye ekografi siyo uvimbe. Ni vifuko vidogo vya mayai vilivyoanza kukua, vikasimama njiani.

Kwa nini vinasimama? Hapa njo chakula kinaingia. Tukila wanga ao sukari, mwili unatoa homoni ya insulini kusudi sukari itoke kwenye damu na kuingia mwilini. Kwa wengi wenye SOPK, mwili hauitikii vizuri insulini hiyo, basi kongosho linatoa nyingi zaidi. Ikizidi, inasukuma ovari kutengeneza testosteroni, homoni ambayo wanaume wanayo kwa wingi. Tena inafanya ini lipunguze protini inayoshika testosteroni hiyo kwenye damu, na inabaki huru kufanya kazi. Matokeo: yai halikomai, siku zinaruka miezi, ndevu zinaota kidevuni, chunusi zinatoka, mafuta yanajikusanya tumboni. Mafuta hayo nayo yanazidisha ubishi wa mwili kwa insulini, na mambo yanaanza upya.

Kwa hiyo kumwambia mwanamke kama huyo "umenona juu ya ulafi" ni kumwonea. Na kuna wembamba ambao wako na SOPK vilevile.

Sasa, ale nini? Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 juu ya ugonjwa huu unasema hakuna rejime moja iliyoonekana kuwa bora kuliko zingine. Hiyo ni habari nzuri kwa mtu wa Kivu, juu ya chakula kinachofaa tunakijua tangu utoto. Maharagi yako na protini na nyuzinyuzi, sukari yake inaingia kwenye damu polepole. Sombe, lengalenga, sambaza wa ziwa, avoka, karanga: vyote vinafaa. Bukari ya muhogo peke yake ni karibu wanga mtupu. Haikatazwi, lakini kipande kipungue na mboga ziongezeke. Kinachofaa kuachwa kwanza ni sukre ya chupa na vijiko vitatu, vine vya sukari ndani ya chai, na hapo hakuna pesa ya kuongeza, kuna ya kubakiza.

Shida iko kwenye maharagi. Kumshauri mama ale protini wakati kilo imemshinda ni maneno ya ofisini. Kama pesa haitoshi, sambaza wakavu kidogo ndani ya sombe wanasaidia kuliko mkate wa pili.

Wanaofaidika na hali hii ni wauza chai za kupunguza tumbo na dawa za "kusafisha kizazi", ambao wanatangaza kwenye simu kila siku. Nyingi ya chai hizo zinaharisha tu. Maji yanatoka, kilo inashuka siku mbili, insulini inabaki palepale. Kushinda njaa pia siyo dawa. Kwa mwanamke mnene, kupunguza hata kilo 4 kwa 80, polepole, kunaweza kurudisha hedhi. Na kutembea kwa miguu kunasaidia mwili kuitikia insulini hata kama mizani haisogei.

Kuna jambo lingine la wakati huu wa vita. Mwanamke aliyekonda kwa njaa na hofu anaweza naye kukosa siku zake, bila SOPK yoyote. Huyo akipewa ushauri wa kupunguza chakula, anaharibiwa. Ndiyo maana kupimwa kunatangulia, na muganga anaweza kuandika metformini, dawa ya kisukari, ao dawa ya kukomaza yai kwa anayetafuta mtoto. Bwana naye apimwe, kabla bamukwe hawajaanza kuhesabu miaka.

Mwenye SOPK anapaswa kupimwa sukari kila baada ya mwaka 1 hadi 3, kwa sababu kisukari kinamfuata karibu kuliko wengine. Akishika mimba, aseme siku ya kwanza ya CPN kwamba yuko na ugonjwa huo, kusudi sukari ipimwe mapema, bila kungojea tumbo likue.